Askari aliyekimbia nchi kavu kwanza

Tukimsifu mtu aliyemwokoa mwenzake majini, huwa tunasema alijitosa bila kufikiri. Nimeyasikia maneno hayo redioni, misibani na kwenye vijiwe vya kahawa, na siku zote hutolewa kama sifa. Askari niliyemwona Coco Beach jioni ya Idd Pili alifikiri kabla hajalowa, akafikiri akiwa ndani ya maji, na aliendelea kufikiri baada ya kijana kulazwa mchangani. Kijana yule yupo hai kwa sababu hiyo. Nataka kusimulia nilichokiona hatua kwa hatua, maana naamini ushujaa wa namna hii unafundishika, na mji wetu hauufundishi.

Anayeijua Dar es Salaam anaijua Coco siku ya Idd. Watoto wamevaa nguo mpya, akina mama wa mihogo wamejipanga na makarai yao, pilipili na kachumbari pembeni, magari yamejaa mpaka barabarani. Watu wanatoka Mbagala, Tabata, Kimara na Gongo la Mboto, wengi wao hawajaikanyaga bahari tangu sikukuu iliyopita. Jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu ni mwezi. Idd el-Fitri huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua. Siku hizo bahari hupanda sana na kushuka sana. Hapa kwetu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Tena bamvua la Dar hujaa mnamo saa 10 alasiri. Maji yote yale yanaanza kurudi baharini wakati ambapo jua limepoa na familia ndiyo kwanza zinateremka kwenye daladala. Pasaka nayo haikai mbali na mwezi mpevu, ambao una bamvua lake. Kwa hiyo sikukuu mbili zinazojaza fukwe zetu kuliko zote hutukuta na maji yenye nguvu kuliko siku za kawaida. Wavuvi wa Msasani na Kunduchi hawahitaji kuambiwa hili. Sisi wengine tunafika, tunaona maji, tunaingia.

Jioni ile maji yalikuwa yameanza kukupwa, na upepo wa kusi ulikuwa umeshaingia. Kijana mmoja, nilimkadiria miaka 17 hivi, alikuwa anacheza na wenzake kwenye maji ya kifuani. Wimbi likamnyanyua, na liliporudi likaondoka naye hadi mahali ambapo miguu yake haikugusa tena chini. Aliinua uso juu, mdomo ukiwa usawa wa maji, mikono ameitandaza pembeni. Hakupunga. Hakuita. Wenzake walidhani anaelea, na sisi tuliokuwa tunatazama kutoka mchangani tulidhani hivyohivyo.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo kila mzazi wa mji huu anapaswa kulijua. Mlinzi mmoja wa ufukweni huko New York, Francesco Pia, aliwatazama kwa makini watu wanaozama na kuwapiga filamu, kisha akaeleza kinachotokea. Mtu anayezama hana nafasi ya kupiga kelele. Kinywa kinapotoka nje ya maji anawahi kutoa pumzi na kuvuta nyingine, na kabla hajapata ya kuitia kinywa kimeshazama tena. Mikono yake inayakandamiza maji ili kichwa kipate kupanda, na mwili unaifanya kazi hiyo wenyewe. Hawezi kuipunga hata akitaka. Kwa wengi hali hiyo hudumu sekunde 20 hadi 60 tu kabla hawajaenda chini. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akipiga kelele majini akinyamaza ghafla, na uso wake umeelekea pwani lakini hasogei, usisubiri akuite.

Kijana wa Coco alijua kurusha miguu kidogo. Hilo ndilo lililompa muda.

Mwanamume aliyekuwa amekaa jirani yetu na mkewe na binti zao wawili akasimama. Alikuwa amevaa kanzu ya sikukuu. Hakwenda majini. Alimgeukia mama wa mihogo, ambaye alikuwa na dumu la njano la mafuta ya kupikia, lile la lita 20.

"Mama, hilo dumu lina kitu?"

"Tupu, baba."

"Mfuniko wake?"

Akapewa mfuniko, akaukaza. Akavua kanzu. Kulikuwa na mvulana wa miaka kama 10 aliyesimama anamshangaa, naye akapewa kazi: "Unamwona yule kaka? Mnyooshee kidole. Usishushe mkono na usiangalie pembeni mpaka nirudi." Mkewe akaambiwa apige 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Nimetumia mistari mingi kuyaandika haya, lakini yalimalizika kabla wengine hatujasimama.

Kisha akakimbia, na alikimbia nchi kavu. Alifuata mchanga, sambamba na maji, kuelekea upande wa Masaki, akampita kijana na kumwacha nyuma. Watu wakapiga kelele: "Anakimbilia wapi huyu? Mtu yuko huku!" Mzee mmoja alimrushia tusi ambalo sitaliandika. Lakini yeye alikuwa ameshaona kwamba mkondo unamsukuma kijana kaskazini, na kwamba mtu huenda haraka zaidi kwa miguu mchangani kuliko kwa mikono majini. Alipoingia, dumu amelikumbatia kifuani, bahari yenyewe ilikuwa inamletea kijana.

Sehemu iliyofuata hatukuiona vizuri kutoka ufukweni, alinisimulia baadaye. Alipobakiza kama urefu wa mitumbwi miwili alisimama, akamsemesha kijana kwa sauti, akamsukumia dumu. Kijana aliliacha dumu akamrukia yeye, akamshika shingo.

"Dada, anayezama hana rafiki," aliniambia. "Hata angekuwa mama yake mzazi angempanda kichwani. Hana kosa, ni mwili unatafuta pa kusimama."

Alichofanya ni kuvuta pumzi na kwenda chini kwa makusudi. Nilimwuliza kwa nini chini, nikidhani nimesikia vibaya. Akasema anayezama anataka juu, hakufuati chini hata kidogo, lazima akuachie. Kijana alimwachia. Askari akaibuka nyuma yake, akamshika kwa mgongoni, akamwingizia dumu kifuani. Baada ya hapo hakugeuka kurudi walikotoka. Alijua kwamba kupigana na maji yanayotoka ndiko kunakowamaliza hata waogeleaji wazuri, kwa hiyo aliyaacha yawachukue, akawa anapiga miguu taratibu kwa ubavu, sambamba na pwani, mpaka walipotoka kwenye mkondo na kukutana na mawimbi yanayokwenda nchi kavu. Walitua mbali kiasi kwamba tulilazimika kukimbia kuwafuata. Yule mvulana alibaki palepale alipowekwa, mkono umeanza kumtetemeka, kidole kimenyooka.

Pale mchangani kulikuwa na hatari nyingine, na ililetwa na upendo. Vijana wawili walitaka kumshika miguu wamning'inize kichwa chini "atoe maji". Mwingine alikuwa ameshaweka viganja tumboni. Askari, ambaye mwenyewe alikuwa anahema, aliwazuia kwa sauti ambayo ndiyo iliyotujulisha kazi yake. Alimlaza kijana kwa ubavu, akamwacha akohoe na kutapika. Kumbonyeza tumbo anayetoka kuzama kunapandisha chakula na maji kooni, na vikiingia kwenye mapafu tatizo linakuwa kubwa kuliko mwanzo. Angekuwa hapumui, alinieleza, angeanza na pumzi tano za mdomo kwa mdomo, maana aliyezama amekosa hewa kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kisha angebonyeza kifua mara 30 na kumpulizia pumzi mbili, akirudia bila kuchoka mpaka msaada ufike. Ubongo usipopata hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, kwa hiyo hakuna muda wa kubishana.

Kijana alipoanza kuongea, watu wakamshangilia na kutaka arudi kwao akapumzike. Askari akakataa. Alisema lazima apelekwe hospitali, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumbadilishia mtu hali saa kadhaa baada ya kuonekana mzima. Gari langu lilikuwa karibu. Tukaondoka wanne, kijana na rafiki yake nyuma, askari mbele akiwa bado amelowa, kanzu ameikunja mapajani. Njiani nikamwuliza kama ni mwanajeshi. "Nafanya kazi Kigamboni," alisema, na kwa kuwa Kigamboni ndiko iliko kamandi ya wanamaji wa JWTZ, nikaelewa. Aliniomba nisimtaje jina popote, na simtaji.

Siku nyingine nilivuka na pantoni kwenda kumtembelea yeye na mkewe. Nilikuwa na swali moja lililonisumbua: aliogopa?

"Sana," alisema. "Ningekuwa siogopi ningekwenda moja kwa moja."

Jibu hilo limenikaa. Tumezoea kuwagawa watu kuwa waoga na mashujaa, na mtu anayetetemeka tunamweka upande wa kwanza. Kumbe hofu yake ndiyo iliyomfanya atafute dumu. Ilimkumbusha kwamba kuna mabinti wawili mchangani wanaomtazama. Alijua kwamba pwani yetu mara nyingi habari ya kuzama huwa ya watu wawili, wa kwanza na yule aliyemfuata: kaka na mdogo wake, rafiki na rafiki, baba na mtoto. Anayefuata mara nyingi ndiye anayependa zaidi, na huingia na nguo zake zote, mikono mitupu. Siwezi kumlaumu mzazi anayefanya hivyo. Mimi mwenyewe nina watoto. Ninachosema ni kwamba mapenzi yale yanastahili kupewa kamba, dumu, na mtu aliyewahi kuwaonyesha wazazi vinavyotumika.

Jeshini, alisema, waliyarudia mazoezi hayo mpaka mwili ukayajua: kuingia na kitu kinachoelea, kutoka kwenye mkabo, kuvuta mtu ambaye hasaidii. Na wanafundishwa kuingia majini kama njia ya mwisho. Kwanza mfikie kwa fimbo au kanga ukiwa umelala chini mahali pa salama. Ukishindwa, mrushie kitu kinachoelea. Kama kuna mtumbwi, nenda na mtumbwi. Kuingia mwenyewe ni pale ambapo hayo yote yameshindikana na wewe ni mwogeleaji.

Mkewe, aliyekuwa anatumiminia chai, ndiye aliyegusa jambo ambalo mumewe alikuwa analikwepa. Alisema wapo ambao hawakurudi nao. Askari akanyamaza kidogo, kisha akasimulia kwa kifupi juu ya safari moja ya kazi ambapo walifika wakiwa wamechelewa. Sitayarudia maelezo yake. Lakini nilifikiria tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilipoondoka hapa Dar mchana kwenda Unguja na kuzama karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari ikiwa imechafuka kwa kusi. Hata mwaka mmoja haukuwa umepita tangu MV Spice Islander izame ikienda Pemba, Septemba 2011. Siku kama hizo askari wanatoka kwenda kuokoa, na saa zinavyopita kazi inageuka kuwa ya kutafuta miili. Hiyo nayo inataka moyo, tena moyo mkubwa, na hakuna anayeinua simu kuirekodi wala kuipigia makofi.

Mwaka 1873 baharia Mwingereza aitwaye Matthew Webb aliruka kutoka kwenye meli ya abiria katikati ya Bahari ya Atlantiki kumfuata mwenzake aliyedondoka. Hakumpata. Walimtoa Webb majini peke yake, nusura naye apotee. Chama cha uokoaji cha kule kwao, kilichoanzishwa London mwaka 1774, kilimpa medali ya dhahabu ya Stanhope, na alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuipokea. Miaka miwili baada ya kuruka kule akawa pia mtu wa kwanza kuvuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa kuogelea, na dunia inamkumbuka kwa hilo. Mimi nakikumbuka zaidi kitendo cha chama kile. Walimheshimu mtu aliyerudi mikono mitupu.

Kuna mwingine ambaye hakuheshimiwa kwa wakati wake, na namtaja kila ninapopata nafasi. Charles Jackson French alikuwa mhudumu wa mezani katika Jeshi la Majini la Marekani, enzi ambapo askari wengi weusi wa jeshi hilo hawakupewa kazi zaidi ya jikoni na mezani. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Septemba 1942 meli yake, USS Gregory, ilizamishwa na Wajapani karibu na kisiwa cha Guadalcanal. French aliwakusanya majeruhi 15 kwenye chelezo. Kisha akaona kwamba mkondo unakisukuma chelezo kuelekea pwani iliyoshikwa na adui. Akajifunga kamba kiunoni, akaingia majini, akaogelea usiku kucha akikivuta kwenda upande wa pili, kwenye maji yenye papa, mpaka walipookolewa asubuhi. Yeye naye alihesabu. Angebaki kwenye chelezo akaomba Mungu, asingelaumiwa na mtu. Lakini alijua maji yanaelekea wapi. Alichopewa ni barua ya pongezi. Alifariki mwaka 1956. Medali ya jeshi lake ilitolewa mwaka 2022, na mwaka huohuo bwawa la mafunzo ya kuogelea la wanamaji huko San Diego likapewa jina lake. Familia yake ilisubiri miaka 80.

Kwetu tulifanya haraka zaidi, na nafurahi kuliandika hili. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam na watu 43 iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa, 24 wakapona. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alikuwa miongoni mwa waliofika kwanza. Kwa maelezo yake mwenyewe alisaidia kuufungua mlango kwa kasia, na alipojaribu kuwafikia marubani kamba ilikatika ikampiga usoni, akazinduka hospitalini. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wengine walijadili fedha alizopewa. Mimi naona ajira ile ilikuwa zawadi kubwa kuliko shilingi, kwa sababu ilimpeleka chuoni: kijana aliyekuwa na moyo na kasia akapewa mafunzo.

Lakini kwa nini tumsubiri mtu aonyeshe ujasiri kwanza ndipo tumfundishe? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, zaidi ya 9 kati ya kila 10 wakiwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kulikumbuka jambo hili. Dar ina bahari upande mzima wa mashariki, ina mito inayofurika kila masika, ina visima na mashimo ya mchanga yanayojaa maji uani kwa watu. Na mtoto anaweza kumaliza darasa la saba, akamaliza kidato cha nne, bila mtu yeyote kumwonyesha namna ya kulala chali juu ya maji na kupumua. Wengi tunaliona hilo kuwa jambo la wenye mabwawa. Mabinti ndio wanaokosa zaidi. Tunawaogopea macho ya watu, tunasahau kwamba pantoni haichagui jinsia.

Naota mambo madogo kabisa. Kwenye kila nguzo ya ufukweni pawe na dumu tupu lililofungwa kamba, na marufuku kulichukua kwa kazi nyingine. Siku za sikukuu pawe na mtu wa kutangaza kwa kipaza sauti saa maji yanapoanza kukupwa, kama tunavyotangaziwa mambo mengine yote. Na shule ambazo hazina bwawa zikumbuke kwamba bahari haitozi ada, mradi awepo mtu anayeijua.

Nilimwuliza askari kama angekubali kuanza na wanangu. Akafikiri, kama kawaida yake, kisha akaniuliza tarehe ya mwezi. Alitaka siku za maji mafu, ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, asubuhi, maji yakiwa yanajaa, sehemu ya Kigamboni anayoijua chini yake kuna mchanga mtupu. Alisema siku za mwanzo hakuna kuogelea, watalala chali tu, tena watavaa nguo za kawaida, kwa sababu watu wengi huzama wakiwa wamevaa. Mwanangu wa kwanza amekasirika, alishaanza kujisifu mtaani kwamba anakwenda kufundishwa na mwanajeshi kupiga mbizi. Mkewe askari naye akauliza kama mimi nitakaa mchangani na chupa ya chai au nitaingia. Nimemwambia naingia.